Kanga kuukuu na mshono mnyoofu: kujishonea nepi za mtoto nyumbani

Kitambaa kipya cha pamba, kikitoka tu dukani, hakinywi maji vizuri. Tone likidondoshwa juu yake hukaa pale pale, limevimba, kisha huteleza likatafuta ukingo. Kiwandani kitambaa hicho kimepakwa wanga na dawa za kukifanya king'ae, na ndani ya nyuzi zake yamebaki mafuta na nta ambazo pamba huzaliwa nazo shambani. Kanga iliyofuliwa kwa miaka mitano hulimeza tone hilo papo hapo. Akina mama wa pwani na wa bara walilijua jambo hili bila kuambiwa na maabara yoyote: mimba ikikomaa, kanga iliyochanwa kwa ajili ya mtoto ilikuwa ile kuukuu, si ile iliyonunuliwa juzi.

Anayetaka kujishonea nepi aanzie hapo, kabla hata ya kuondoa kifuniko cha cherehani. Nepi nzuri huamuliwa na kitambaa kuliko mkono wa fundi. Mshono ukienda kombo, mtoto hadhuriki. Kitambaa kikikataa mkojo, mtoto atalala kwenye maji hata kama kila kona imepigwa mshono wa kitaalamu.

Wengi huogopa kwa sababu wameiona nepi ya kitambaa ya kisasa, yenye safu za vifungo, lastiki mapajani na mfuko wa ndani, wakadhani hiyo ndiyo ya kujifunzia. Siyo. Nepi ile imeunganisha kazi tatu katika kipande kimoja: kunywa mkojo, kushika kiunoni, na kuzuia unyevu usitoke nje. Anayeanza anafaa kuzitenganisha, akashona kwanza kitu cha kunywa tu. Kazi hiyo peke yake inahitaji mishono iliyonyooka, na mshono ulionyooka ndio mtu yeyote hujifunza siku ya kwanza anapokaa mbele ya cherehani.

Kitambaa chenyewe hakiko mbali. Ukiacha kanga za kabatini, hazina kubwa iko kwenye mitumba. Katika soko la Karume pale Ilala, Dar es Salaam, au Gikomba jijini Nairobi, hupatikana shuka za flaneli, taulo na fulana za pamba ambazo zimeshafuliwa mara nyingi katika nyumba za watu wengine, wanga umeshaisha, nyuzi zimelainika. Kwa nepi, uchakavu wa namna hiyo ni sifa. Kinachotakiwa ni kujua kama kweli ni pamba, kwa kuwa poliesta imejaa humo na kwa macho hufanana nayo. Hata kanga siku hizi si zote za pamba tupu.

Kipimo ni rahisi. Mshonaji achomoe uzi mmoja ukingoni, aushike kwa koleo au kibanio, auchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini linalopukutika kwa kidole. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, hutoa harufu ya plastiki, na huacha kidonge kigumu cheusi. Kilichochanganywa huonyesha dalili zote mbili. Kipimo cha pili ni lile tone la maji, ila lipigwe baada ya kitambaa kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni mara mbili au tatu. Ufuaji huo usirukwe hata pale mtu anapokuwa na haraka. Pamba hurudi ikikutana na maji ya moto, na taulo na flaneli hurudi zaidi ya kanga. Vikishonwa pamoja kabla ya kufuliwa, kimoja kitavuta mwenzake na nepi itapinda.

Sasa mkasi. Kanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Humo hutoka miraba miwili ya sentimita 75 kwa 75, na kunabaki utepe mrefu wenye upana wa sentimita 35. Utepe huo ukikatwa katikati, unapata vipande viwili vya kukunja na kuweka katikati ya nepi usiku. Kwa hiyo doti moja iliyochoka hutoa miraba minne na vipande vinne vya kuongezea, bila kutupa hata kidogo. Kazi ya cherehani ni kupinda ukingo tu: sentimita moja ikunjwe, ikunjwe tena, ipigwe mshono mmoja kuzunguka. Ukingo mbichi ukifichwa namna hiyo hautachomoka nyuzi, hata kama cherehani ni ile ya miguu isiyojua mshono mwingine zaidi ya mnyoofu. Asiye na cherehani anaweza kupinda kwa mkono. Huchukua jioni moja kwa miraba michache, basi.

Kwa mtoto mchanga mraba hukunjwa mara mbili ukawa mraba mdogo wa tabaka nne, kisha ukakunjwa kona kwa kona ukawa pembetatu ya tabaka nane. Mtoto akikua, mraba hukunjwa mara moja tu kuwa pembetatu kubwa, na kile kipande cha utepe huwekwa katikati. Mvulana huongezewa unene mbele, msichana katikati. Nepi iliyoshonwa kwa umbo maalumu haiwezi kubadilika hivi. Mraba mmoja humfuata mtoto tangu wiki ya kwanza mpaka anapojifunza kukaa kwenye poti.

Kuna faida nyingine ya mraba ambayo huonekana wakati wa masika. Kitambaa cha tabaka moja kikitandazwa kwenye kamba hukauka kwa muda mfupi hata jua likiwa la kuchungulia. Nepi nene iliyoshonwa tabaka sita pamoja inaweza kulala na unyevu mpaka kesho yake, ikaanza kunuka uvundo. Mzazi anayetarajia mtoto kati ya Machi na Mei ana sababu nzuri ya kuwa na miraba mingi na nepi nene chache.

Baada ya miraba ndipo inafaa kwenda kwenye nepi ya tabaka, ambayo haikunjwi sana kwa sababu unene umeshashonwa mahali pake. Kwa mtoto mchanga hukatwa vipande viwili vya flaneli vyenye sentimita 33 kwa 38. Taulo hukatwa utepe wenye upana wa sentimita 10 na urefu wa 35, au fulana ya pamba hukunjwa mara mbili au tatu mpaka ifikie kipimo hicho. Utepe hulazwa katikati ya kipande kimoja cha flaneli, upande wa ndani, ukapigwa mishono miwili mirefu kushoto na kulia. Kisha flaneli mbili hukutanishwa nyuso kwa nyuso, hushonwa kuzunguka kwa kuacha sentimita moja na nusu ukingoni na mlango wa kama sentimita 10 upande mmoja. Kona nne hupunguzwa kwa mkasi ili zisifanye uvimbe, nepi hugeuzwa kupitia ule mlango, na mshono wa mwisho hupita juu kuzunguka pande zote, ukiufunga mlango njiani. Inayobaki ni nepi ya sentimita 30 kwa 35. Inakunjwa mara tatu kwa urefu, inawekwa.

Sindano namba 14 hutosha kwa flaneli na kanga. Kwenye taulo namba 16 ni salama zaidi. Hatua ya mshono iwe ndefu kidogo, karibu milimita tatu, kwa sababu mshono wa hatua fupi kwenye tabaka nyingi huvuta kitambaa na kukikunja. Uzi wa poliesta hudumu kuliko wa pamba katika maji ya moto ya kila siku. Sindano ikianza kutoa mlio wa kugonga, imeshabutuka, ibadilishwe; wanaoanza huilaumu cherehani kumbe kosa ni la sindano.

Na ile poliesta iliyokataliwa kwenye kipimo cha moto ina nafasi yake. Jezi za michezo, zile nyepesi zenye vitundu vidogo, zimefumwa ili jasho lipite bila kukaa kwenye nyuzi. Kipande cha jezi kikishonwa upande unaogusa ngozi, mkojo hupenya na kwenda kwenye pamba, na ngozi hubaki karibu kavu. Flisi ya blanketi jepesi hufanya vivyo hivyo. Hili halimpi mzazi ruhusa ya kuchelewa kubadilisha. Vipele vya makalioni huletwa na unyevu wa muda mrefu na mkojo unaokutana na kinyesi, na hakuna kitambaa kinachoshinda saa tano za uzembe.

Kazi ya kushika kiunoni ilishatatuliwa zamani. Pini inayojifunga, ambayo vizazi vingi vya watoto wa Afrika Mashariki vilifungiwa nepi, ilipewa hataza mwaka 1849 kwa jina la Mmarekani Walter Hunt, aliyeuza haki zake kwa dola 400. Bado inafaa. Ikichomekwa kwanza kwenye kipande cha sabuni ya mche hupenya tabaka nene bila kulazimishwa, na kidole cha mzazi lazima kikae kati ya ncha na ngozi ya mtoto mpaka pini ifungwe. Velkro hurahisisha mambo lakini hukwaruza na hunasa nguo nyingine kwenye beseni. Vifungo vya kubonyeza hudumu zaidi, ila huhitaji koleo lake. Anayeanza asinunue koleo kwa ajili ya nepi sita, mafundi wanaoshona nguo za watoto mara nyingi wanalo.

Kazi ya tatu, kuzuia kuvuja, ndiyo ilisumbua watu muda mrefu zaidi, na waliopata dawa yake walikuwa wanawake wenye watoto wadogo na cherehani za nyumbani. Hili linastahili kusemwa kwa sauti, maana historia ya nepi husimuliwa kana kwamba ilianza pale Procter & Gamble walipoijaribu Pampers sokoni mwaka 1961 katika mji wa Peoria, jimboni Illinois.

Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1946, Marion Donovan wa Connecticut alichoka kubadilisha shuka za mtoto kila alfajiri. Chupi za mpira zilizouzwa wakati huo zilizuia maji lakini zilichoma ngozi. Alichukua pazia la bafuni, akalikata, akashona kifuniko cha kuvaliwa juu ya nepi ya kitambaa, kisha akaendelea kurekebisha mpaka akafikia nailoni ya parachuti, na badala ya pini akaweka vifungo vya kubonyeza. Viwanda alivyoviendea havikumtaka. Mwaka 1949 vifuniko vyake vilianza kuuzwa katika duka la Saks Fifth Avenue mjini New York, vikagombewa. Hataza aliipata mwaka 1951, na haki zake akaziuza kwa dola milioni moja.

Ng'ambo ya bahari, Uingereza, Valerie Hunter Gordon alikuwa mke wa ofisa wa jeshi. Mwaka 1947, akiwa na mtoto wa tatu, hakutaka tena mlima wa kufua. Alishona kwa cherehani ya Singer chupi ya nailoni ya parachuti iliyobaki vitani, yenye pedi ndani ya kutolewa na kutupwa. Wake wa maofisa wenzake walipoiona kila mmoja alitaka, naye alishona zaidi ya 400 kabla ya kampuni ya Robinson & Sons ya Chesterfield kukubali kuitengeneza kwa jina la Paddi. Donovan na Hunter Gordon hawakuwa wakishirikiana. Kila mmoja alifikia jibu lile lile: kinachokunywa kiwe kitu kimoja, kinachozuia kiwe kingine, na viweze kutenganishwa.

Chupi hiyo ya juu leo hushonwa kwa kitambaa cha poliesta kilichobandikwa utando mwembamba wa poliurethane upande mmoja. Kinatoa hewa kidogo, kinavumilia kufuliwa, na hakinyauki kama plastiki tupu. Asiyekipata anaweza kutumia tabaka mbili za flisi nene, ambayo haizuii kila kitu lakini hurudisha sehemu kubwa ya unyevu kwenye pamba. Mfuko wa plastiki wa dukani usitumike kabisa. Hauna hewa, hukatika, na mtoto anaweza kumeza kipande chake au kuzibwa pua.

Kwa umbo, mwalimu wa bei nafuu ni pampasi moja safi. Lastiki zake zikikatwa vipande vidogo ili ilale bapa juu ya karatasi, huchorwa kuzunguka kwa kalamu, kisha huongezwa sentimita mbili kila upande kwa sababu nepi ya kitambaa ni nene kuliko pampasi. Karatasi hiyo ndiyo kielelezo. Kitambaa chenye utando hakichomwi pini za kushikiza katikati, kwa kuwa kila tundu ni mlango wa mkojo. Vibanio vya nguo hukishika vizuri pembeni. Sindano iwe nyembamba, namba 11 au 12, na uzi uwe wa poliesta, maana uzi wa pamba huvuta unyevu kutoka ndani ukautoa nje kwenye mshono. Mshonaji akikosea mshono asifumue ovyo, atakuwa amekitoboa tayari. Ni bora kujaribu kwanza kwenye vipande vya kanga mpaka mkono uzoee kona za mapajani.

Lastiki ya mapajani hupitishwa ndani ya mfereji unaoshonwa kwa kukunja ukingo, ikakatwa fupi, karibu nusu ya urefu wa ule mkunjo wa paja. Kidole kimoja kipite kati ya lastiki na paja la mtoto. Ikiacha alama nyekundu isiyofutika haraka, imebana.

Hesabu ya vipande nayo ina ukweli wake. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 au 12 kwa siku. Mwenye miraba 24 na chupi nne au tano za juu anaweza kufua kila siku bila kuhangaika, na siku ya mvua akabakiwa na akiba. Mtoto anayetumia pampasi tano kwa siku, akitumia miaka miwili, huwa ametumia 3,650. Kila familia inaweza kuzidisha namba hiyo kwa bei ya duka la jirani na kuona kama ina sababu ya kukata doti.

Je, kuna nafuu kwa mazingira? Wakala wa Mazingira wa Uingereza na Wales ulichapisha mwaka 2008 tathmini iliyoonyesha kwamba jibu liko mikononi mwa anayefua. Nepi za kitambaa zilizokaushwa kwa mashine ya umeme zilipoteza faida yake. Zilizofuliwa mashine ikiwa imejaa, zikaanikwa nje na kurithiwa na mtoto wa pili zilipunguza athari ya joto duniani kwa asilimia 40. Kwa nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, kuanika nje ni jambo la kila siku, na kurithishana nguo za watoto hakujawahi kuhitaji kampeni. Tena kinyesi cha mtoto mwenye nepi ya kitambaa huishia chooni, mahali panapokistahili, badala ya kufungwa ndani ya plastiki na kupelekwa dampo. Watu wengi hukiona kinyesi cha mtoto kama kisicho na madhara, ilhali hubeba vimelea vya kuhara kama cha mtu mzima.

Kufua na kutunza nepi kuna mambo matatu ambayo hayawezi kupuuzwa. Kwanza, sabuni isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, na dawa za kulainisha nguo ziachwe, kwa sababu hupaka nyuzi utando na kitambaa hurudi kuwa kama kipya: hakinywi.

La pili ni pasi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yuko inzi anayeitwa kitaalamu Cordylobia anthropophaga, ambaye hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini, na harufu ya mkojo humvuta. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na kifunza kikikutana na ngozi ya mtoto hujichimbia humo na kutoa jipu. Kwa hiyo nepi za pamba zianikwe kwenye jua kali, na zikikauka zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, iwe ya umeme au ya mkaa, pamoja na kwenye mishono. Chupi za juu na vipande vya jezi haviwezi kuvumilia pasi kama hiyo. Hivyo vianikwe ndani, kwenye chumba chenye wavu dirishani.

La tatu ni kabati. Nepi zinazosubiri mtoto zisihifadhiwe pamoja na vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa kufukuza nondo na mende. Mvuke wake hukaa kwenye kitambaa, na kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta umanjano mkali unaotishia ubongo. Upungufu huo si adimu katika nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, na mara nyingi wazazi hawajui kama mtoto anao. Mfuko safi wa kitambaa unatosha, na nepi zilizowahi kukaa na vidonge hivyo zisivalishwe mtoto mchanga.

Mtoto wa kwanza akishaacha nepi, kitakachokuwa kimechoka zaidi ni lastiki. Pamba itakuwa bado inafaa, pengine laini kuliko mwanzo. Ndiyo sababu mafundi wazoefu hawaishoni lastiki moja kwa moja kwenye chupi ya juu, bali huiacha ndani ya mfereji, wameibana kwa mishono michache kwenye ncha zake mbili tu. Mishono hiyo hufumuliwa, lastiki mpya hupachikwa kwenye ncha ya ile ya zamani na kuvutwa mpaka upande wa pili, ikabanwa tena.